Tangawizi haifiki kwenye nyuzi za sauti: ushauri kwa wanakwaya

Kwenye mazoezi ya kwaya hakukosekani mwenye chupa ya tangawizi, ndimu na asali, na siku ya mashindano mtu hata humeza yai bichi. Kabla ya kunywa chochote, fahamu njia inayopita. Chakula na kinywaji hushuka kwenye umio, upande wa nyuma. Nyuzi za sauti ziko mbele yake, ndani ya zoloto, kile kifundo kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza. Ukimeza, zoloto hujifunga, na tone likipenya unapaliwa papo hapo. Kwa hiyo hakuna kinywaji kinachozigusa nyuzi zenyewe.

Si kwamba tangawizi haina kazi. Inaleta mate na kuliwaza koo la juu, na asali hupunguza kikohozi. Chemsha kipande cha sentimita mbili kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, acha kiwe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha asali. Ikiwa kali hadi inachoma kifua, umeshaanza kutafuta kiungulia. Ndimu iwe matone tu. Koo likiwasha, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu inatosha kusukutua, kisha uteme. Yai bichi liache kabisa: halisaidii sauti, na linaweza kukupa bakteria wa salmonela wikiendi unayotakiwa kuimba. Na ule ubishi wa maji baridi? Nayo hayagusi nyuzi. Yakikukaza shingo, yaache; yasipokukaza, kunywa.

Maji huzifikia nyuzi kupitia mwilini, na hilo huchukua saa kadhaa. Chupa nzima unayoibugia dakika tano kabla ya kupanda jukwaani itakupeleka chooni tu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, hadi mkojo uwe na rangi hafifu.

Kinachozifikia moja kwa moja ni hewa, ndiyo maana kujifukiza kuna maana. Mimina maji yaliyochemka kwenye bakuli zito lililo mezani, subiri dakika mbili, jifunike taulo, uso ukae kama sentimita 30 juu yake, vuta mvuke taratibu kwa dakika tano hadi kumi. Yawe maji matupu. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kuchua zenye mentholi hukupa hisia ya kufunguka, lakini huwasha koo ambalo tayari limevimba. Watoto wasikaribie bakuli.

Sasa tuje kwenye kinachoharibu sauti hasa: nyuzi kugongana. Soprano akishika noti ya "la" yenye hezi 440, nyuzi zake hukutana mara 440 kwa sekunde, zaidi ya mara 26,000 kwa dakika moja. Ukizigonganisha kwa nguvu zinavimba, na uvimbe unaorudiwa huzaa vinundu. Kujikohoza kusafisha koo ni kugonganisha kwa makusudi. Kohozi hurudi baada ya muda kwa sababu umewasha mahali palepale. Meza funda la maji au vuma taratibu mdomo ukiwa umefungwa. Kunong'ona kwa kujikaza nako hakuipumzishi sauti. Nyamaza, au ongea polepole kwa sauti laini.

Wanakwaya wengi hupoteza sauti kwa sababu ya spika. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Kinanda kikiwa juu na spika zote zikiwaelekea washarika, mwimbaji hajisikii, basi anapiga kelele akidhani anaimba. Geuza spika moja iwaelekee waimbaji, teremsha kinanda, na anayeongoza ashushe ufunguo nusu toni au toni nzima bila kuona haya. Fundi mitambo akikataa, ziba sikio moja kwa kidole. Mazoezi ya mwisho kabla ya ibada yawe kwa nusu sauti.

Kuamsha sauti, na kuituliza baada ya kuimba, hakuna zoezi ninalolipenda kama la mrija. Jaza maji nusu chupa, tumbukiza mrija sentimita mbili au tatu chini ya uso wa maji, toa sauti ya "uuu" kupitia mrija huku mapovu yakitoka, ukipanda na kushuka taratibu, dakika tatu hadi tano. Mgandamizo unaorudi kinywani husaidia nyuzi zisigongane kwa nguvu. Mapovu yakikatika, pumzi haiendi sawa. Hewa ikitokea puani, zoezi halifanyi kazi.

Sauti inayokwaruza kila asubuhi na kufunguka mchana huenda inaunguzwa na asidi ya tumbo. Chipsi mayai saa nne usiku baada ya mazoezi, kisha kitandani, ndicho chanzo cha kawaida. Acha saa tatu zipite kati ya kula na kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15. Kurundika mito hukunja tumbo na kusukuma asidi juu.

Usinyonye vidonge vya ganzi ili uimbe. Maumivu ndiyo yanayokuambia uache. Kama nyuzi zimevimba, epuka pia aspirini, kwa kuwa hurahisisha nyuzi kuvuja damu. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha hapo hapo, nyamaza, mwone daktari. Ukikwama sauti zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukikohoa damu, ukipumua au kumeza kwa shida, au ukiwa na uvimbe shingoni, nenda mara moja. Mwambie kwamba unaimba, na omba nyuzi zitazamwe kwa kamera au kioo maalumu. Tochi ya mdomoni huishia kwenye tonsili.