Taa ya maji ya waipa inawaka na tanki limejaa: pima sensa kabla ya kununua tanki

Mkuu, umesema taa ya maji ya waipa kwenye BMW 320i yako ya toleo la E90 haizimiki hata ukijaza tanki mpaka shingoni, na fundi amekwambia ununue tanki zima na pampu yake. Usinunue bado. Kama ukivuta swichi maji yanaruka kwa nguvu mpaka juu ya kioo, pampu ni nzima. Kama asubuhi hukuti maji chini ya gari, tanki nalo ni zima. Kinachobaki ni sensa, uchafu uliomo ndani, au waya. Nina gari la aina hiyo na sensa hii nimeibadilisha mwenyewe nyumbani hapa Dar kwa spana za kawaida, kwa hiyo nakueleza ninachokijua kwa mikono.

Sensa hii ni swichi tu. Ina boya dogo lenye sumaku, na ndani ya shina lake kuna vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa kwenye kichupa cha kioo. Boya likipanda au kushuka, sumaku inasogea, vile vipande vinagusana au vinaachana, na kompyuta ya gari inajua maji yapo au yamepungua. Haipimi lita. Ndiyo maana magonjwa yake ni machache: boya limenata, swichi imekufa, plagi imeingia kutu, au waya umekatika.

Boya kunata ndiko ninakokutana nako zaidi, na chanzo ni maji tunayotia. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi. Yakikaa miezi kwenye joto la injini yanaacha ukoko mweupe, na ukichanganya na sabuni ya vyombo unapata ute unaovutika kama wa bamia, unaolishika boya lisisogee. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, maliza maji yaliyomo, mimina maji ya uvuguvugu yenye siki nyeupe, yaache usiku mzima, kisha yatoe na usuuze. Taa ikizimika ukijaza maji safi, kazi imeisha bila kununua spea. Usitie petroli wala thina. Zinaharibu mipira ya kuziba na pampu.

Ikigoma, ndipo unaingia ndani. Tanki la E90 liko mbele upande wa kulia, nyuma ya plastiki ya ndani ya madigadi. Weka gari mahali pa tambarare, funga breki ya mkono, zuia tairi za nyuma kwa mawe, legeza bolti za ringi kwa spana ya 17 kabla ya kunyanyua. Ukishanyanyua, weka stendi chini ya gari. Nasisitiza hili kwa sababu mkono na bega lako vitakuwa ndani ya madigadi, na jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Toa tairi, kisha fungua skrubu za plastiki ile, nyingi ni za spana ya 8. Huhitaji kuitoa yote. Ikunje sehemu ya mbele mpaka uone tanki.

Hapo tulia uangalie. Kwenye tanki utaona pampu, ambayo ina bomba la mpira linalotoka, na kama gari lako linaosha taa za mbele kuna pampu ya pili kubwa zaidi. Sensa ina plagi ya waya mbili lakini haina bomba. Hiyo ndiyo tofauti, na ni muhimu, maana jaribio linalofuata halifanywi kwenye plagi ya pampu.

Chomoa plagi ya sensa, washa swichi ya gari, usome dashibodi. Kisha unganisha matundu mawili ya plagi, upande wa gari, kwa kipande cha waya mwembamba na usome tena baada ya kusubiri kidogo, kwani kompyuta haibadilishi taa papo hapo. Taa ikifuata unachofanya, waya na kompyuta ni wazima na mgonjwa ni sensa. Isipobadilika kabisa, sensa mpya haitakusaidia, fuata waya.

Kabla ya kuivuta, chora alama kwa kalamu ya rangi kwenye sensa na kwenye tanki zikitazamana. Boya linahitaji nafasi ya kupanda, na sensa ikirudi imezungushwa vibaya boya linagusa ukuta wa tanki na taa inabaki vilevile. Weka ndoo chini, zungusha sensa kushoto na kulia huku ukiivuta taratibu itoke kwenye mpira wake. Usiibenue kwa bisibisi. Plastiki ya tanki ikishazeeka na joto inapasuka upesi, na hapo kweli utanunua tanki.

Ikishatoka, weka mita ya umeme kwenye pini zake mbili upande wa kupima mkato wa waya, sogeza boya kwa kidole juu na chini. Upande mmoja mita ipige mlio, upande mwingine inyamaze. Ikifanya hivyo kila mara, ioshe na uirudishe. Ikikaa hali moja tu, imekufa.

Nenda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea hapa Dar, na ile ya zamani mkononi. Linganisha umbo la plagi, unene wa shingo na upande boya linapolala. Iwe mpya au iliyotolewa kwenye gari la mtumba, ipime palepale dukani kwa mita kabla hujalipa; muuzaji mwenye bidhaa nzima hakatai. Nunua na mpira mpya kama wa zamani umekakamaa.

Kurudisha ni kwa mkono tu: lowesha mpira kwa maji, usipake grisi, sukuma sensa mpaka ikae, alama zitazamane. Jaza tanki kabla ya kufunga plastiki, subiri, pitisha kidole kuzunguka mpira. Pakiwa pakavu, funga. Bolti za ringi kaza kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 120.

Kuna watakaokushauri uunganishe zile waya moja kwa moja ili taa izimike. Nakuomba usikubali. Ukiwa barabara ya Morogoro nyuma ya lori, tope linarushwa kwenye kioo, unavuta swichi na hakuna maji, huoni mbele kwa sekunde kadhaa kwenye mwendo mkubwa. Taa ile ipo ili hilo lisikukute.

Wenye magari ambayo sensa haina boya bali vijiti viwili vya chuma: hizo hutegemea maji kupitisha umeme. Mkijaza maji ya betri (yale safi yasiyo na chumvi, si asidi), hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo taa inaweza kuwaka na tanki limejaa. Changanyeni na dawa ya kuoshea kioo kwanza kabla ya kufungua kitu.