Ukitaka kampuni ya uchunguzi wa afya ikue, anza na siku ya majibu

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika kampuni inayopima watu wasio na dalili yoyote: presha, sukari, lehemu (kolesteroli), saratani chache. Nilikuwa upande wa kutoa majibu, na niliikuta ikiwa ndogo ikakua mpaka ikafungua matawi. Wanaonijia kutaka ushauri wa kuanzisha kampuni kama hiyo huanza kwa kuniuliza wanunue mashine gani. Nami huwauliza: mteja akikutwa na tatizo, nani atampigia simu, na atampeleka wapi?

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya wataalamu wawili, Wilson na Jungner, kuhusu uchunguzi wa magonjwa. Vinataka ugonjwa uwe tatizo zito, uweze kugundulika mapema, uwe na tiba inayokubalika, na pawepo mahali pa kuutibu. Kila kipimo kipya unachotaka kuuza, kipitishe hapo kwanza. Presha inapita bila taabu. Ultrasaundi ya mishipa ya shingo inauzika sana, maana haiumi na picha yake inavutia, lakini mwaka 2021 jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya uchunguzi wa kinga lilisisitiza watu wazima wasio na dalili wasipimwe, kwa kuwa madhara yanazidi faida. Jopo hilohilo linapendekeza ultrasaundi ya mshipa mkuu wa tumboni, mara moja tu, kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara. Mashine ni ileile. Tofauti ni nani amelala kitandani.

Jihadhari zaidi na vifurushi. Mauzo hupenda kifurushi kinene, na mteja naye huona vipimo 20 ni bora kuliko 5. Sasa piga hesabu. Kiwango cha kawaida cha vipimo vingi vya damu huwekwa ili kiwachukue watu wenye afya 95 kati ya 100. Mpime mtu mwenye afya kamili vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango ni kama asilimia 64. Mama mmoja alinipigia simu usiku, karatasi mkononi, namba moja imewekewa alama nyekundu. Namba yenyewe ilikuwa imepita mpaka kidogo sana. "Mwanangu, niambie ukweli, nina saratani?" Alikuwa ameishika karatasi hiyo tangu asubuhi na hakuwa amekula. Majibu yalimfikia kabla ya maelezo, na hilo ni jambo ambalo kampuni yoyote inaweza kulizuia: majibu yenye alama yasitoke mpaka muuguzi au daktari azungumze na mwenyewe.

Korea Kusini inatufundisha jambo kubwa. Uchunguzi wa tezi la shingo kwa ultrasaundi ulipoenea huko, saratani ya tezi iliyogunduliwa mwaka 2011 ilifikia mara 15 ya ile ya mwaka 1993, lakini vifo havikubadilika. Watu wengi walifanyiwa upasuaji kwa uvimbe ambao usingewadhuru maisha yao yote. Kwenye hesabu za mapato ya kampuni, hayo yangeonekana kuwa mafanikio makubwa.

Ndiyo maana nashauri ripoti yako ya kila mwezi isiishie kwenye idadi ya waliopimwa. Andika waliokutwa na tatizo ni wangapi, wangapi kati yao wamefika kwa daktari, na wangapi baada ya miezi sita presha yao imeshuka. Wawekezaji wataona unawachosha, waeleze tu. Sisi tulipoajiri wauguzi wa kufuatilia majibu kabla ya kuongeza watu wa mauzo, wateja walianza kurudi mwaka uliofuata wakiwa na wenzi wao na ndugu zao, na hakuna tangazo lililowahi kutuletea watu waaminifu kiasi hicho.

Mikataba na waajiri ndiyo huleta ukuaji wa haraka, kwa hiyo isome mstari kwa mstari. Mwajiri apewe takwimu za jumla tu, tena pale kundi linapokuwa kubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kutambulika. Majibu ni mali ya mfanyakazi. Mwajiri akishikilia kuona majina, achana na mkataba huo hata kama ndio mkubwa kuliko yote uliyonayo.