Kuwekeza kwenye uhifadhi wa pwani ya Tanga: anzeni na miezi ya kusubiri

Mkuu, umeuliza hivi: nyinyi wana-Tanga mnaoishi nje ya mkoa mmechanga milioni 60, mnataka ziende kwenye kulinda matumbawe na mikoko kati ya Pangani na Mkinga, na wavuvi nao wainuke kimaisha. Mmeshauriwa mnunue boti ya doria na mjenge ofisi ya BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na fukwe. Mimi nimekuwa katibu wa BMU miaka sita, kijiji kimoja cha ukanda wa Mtang'ata, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Boti msinunue. Sisi tulipewa boti ya faiba yenye mashine ya nguvu farasi 40 na mradi mmoja uliokuja ukaondoka. Siku ya makabidhiano ngoma ilipigwa, pilau likaliwa. Fedha ya mafuta ilikuwa ya miezi minane tu, na doria moja ya usiku ilikunywa lita 40 za petroli. Mwezi wa tisa tukachangishana. Wa kumi na moja boti ikapandishwa juu chini ya mkwaju, mashine tukaifunga mkeka stoo kwa mwenyekiti. Tulipokuja kuijaribu mwaka uliofuata ilikuwa imeshaliwa na chumvi, haiwaki. Lakini si boti iliyoniuma. Kulikuwa na wavuvi wakinipigia simu usiku kuniambia baruti ya wavuvi haramu imelia upande gani. Walipoona hatutoki, wakaacha kupiga. Kuwarudisha watu wale kulituchukua miaka miwili.

Ndiyo maana nasema gharama ya uhifadhi huku kwetu si vifaa. Ni riziki ya mtu katika ile miezi anayoambiwa asubiri.

Chukua pweza. Tulikubaliana kufunga mwamba mmoja miezi mitatu, mtu asivue pweza hapo. Kwa pweza jambo hili linalipa upesi kwa sababu anakua haraka mno na maisha yake ni mafupi. Ukimwacha miezi michache tu uzito unapanda. Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha, mikono yote juu. Wiki ya pili, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kuliko siku zote, bahari ikiwa imekauka hadi mwisho, nikamkuta bibi mmoja jirani yangu katikati ya eneo tulilofunga, khanga ameikunja kiunoni, mchokoo, kijiti cha kuchokolea pweza, mkononi, kikapuni pweza wawili wasiofika hata nusu kilo. Nikamwamkia shikamoo bibi. Akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniuliza: "Wanaume wana ngalawa, wataenda mwamba wa nje. Mimi naenda kwa miguu. Nyie mlipofunga hapa mlinifikiria mimi nakula nini?"

Sikuwa na jibu. Mkutanoni walisema wenye vyombo, na mwamba tuliofunga ulikuwa wa wanawake waendao kwa miguu. Mara iliyofuata tulianza na kikoba chao. Tukatafuta fedha kidogo ikaingia kwenye mfuko wao, wakakopeshana kabla mwamba haujafungwa: huyu akakaanga samaki, yule akauza maandazi, wengine wakaongeza kamba za mwani. Marejesho yakapangwa yaanze baada ya siku ya kufungua. Hakuna aliyeingia mwambani miezi yote mitatu, na waliolinda ni wao wenyewe, mchana kutwa, bila posho. Siku ya kufungua nilimwona bibi yule yule akiburuta pweza mmoja ambaye mikono yake ilimfika magotini. Milioni 60 zenu zinatosha mifuko ya vikoba vingi vya namna hiyo, na fedha inarudi kufanya kazi msimu mwingine.

Mikoko nayo, tafadhali msilipie siku ya kupanda. Niliwahi kushiriki zoezi tulilochomeka miche ya mkoko maelfu kwenye mchanga unaotazama bahari wazi. Mzee mmoja alisema hapo ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, na mkoko wenyewe unataka tope la ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hakusikilizwa kwa sababu wageni walikuwa wameshafika. Kusi ilipovuma, miche yote ikaondoka na maji. Mara nyingi mikoko huota yenyewe ukiyafungulia maji njia na ukizuia kukata. Lipeni watu wa kuangalia kwa miaka mitatu.

Mpango mpya pia msiuandike. Kuanzia 1994 hadi 2007 mkoa huu ulikuwa na programu ya ukanda wa pwani iliyosaidiwa na Ireland pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na vijiji viligawana maeneo ya kusimamia: Mtang'ata, Boza-Sange, Mwarongo-Sahare na mengine. Wazee waliokaa vikao vile wengine bado wapo. Waulizeni mwamba gani ulifungwa na nani alianza kuvunja, kwa nini. Na kumbukeni tangu 2009 sehemu kubwa ya eneo mnalolitaja imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki wa kale, mikoko iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na BMU inafanya kazi na halmashauri. Barua zianze mapema, zote tatu: kwa hifadhi, TFS na halmashauri.

Kuna aliyewashauri pia kwamba mtoe hatifungani, yaani mkope kwa watu na kuwalipa riba, kama ilivyofanya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga. Ile ya 2024, ya bilioni 53 na ushee, ni kazi nzuri, na mimi naiheshimu. Ila mwenye hatifungani analipwa riba ya asilimia 13.5 kwa sababu kila nyumba mjini inalipa bili ya maji. Mwambani hakuna anayelipia bili. Fedha yenu iende pale ambapo mwenye kutaka riba hatakwenda.

Marehemu baba alikuwa akipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kisiwa cha Maziwe, akilala chini ya mivinje, na usiku akisikia kasa wakichimba mchanga kutaga. Mimi nimekijua Maziwe kikiwa fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, maji makubwa yakija linazama. Nikikumbuka hilo sipendi kuona hata shilingi moja ya kwenu ikiishia kwenye jengo.

Njooni wakati wa bamvua, si maji mafu yasiyotoka mbali, mfike kabla maji hayajatoka. Msikae ofisini. Shukeni mwambani na wanawake, mtembee nao hadi maji yarudi, ndipo muulize kila mmoja miezi mitatu ni shilingi ngapi kwake. Bajeti ianzie hapo.