Chanjo ya homa ya ini B kwa wanaojidunga: maswali yenu

Nasikia chanjo "haishiki" kwa mtu anayejidunga heroini. Kweli? (Chang'ombe, Dodoma)

Inashika, ila si kwa wote. Kwa watu wazima wenye afya, dozi tatu, zinazochomwa ndani ya miezi sita, huwakinga zaidi ya 9 kati ya 10. Kwa wanaojidunga idadi hushuka, na sababu ni hizi: VVU, hasa CD4 (seli za kinga) zikiwa chini, umri uliopita miaka 40, pombe, lishe duni. Lakini kwa maoni yetu, kinachoangusha wengi ni dozi ya tatu kutochomwa. Aliyezaliwa kabla ya 2002 asitegemee chanjo za utotoni. Homa ya ini B haikuwamo kwenye ratiba ya watoto wetu wakati huo.

Miezi sita siiwezi. Leo niko Kizota, mwezi ujao Singida.

Omba ratiba ya haraka: siku ya kwanza, ya 7, ya 21, kisha dozi ya nne baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa wanaojidunga tangu 2012. Hiyo ya mwaka usiiache, ndiyo inayodumisha kinga. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Kama unakunywa methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) kila siku, mwombe nesi wa kliniki hiyo hiyo. Hakuna haja ya kusimamisha methadoni ili uchanjwe.

Shikamoo daktari. Mishipa yangu imekufa, nitachomwa wapi?

Marahaba. Chanjo hii haitafuti mshipa. Inaingia kwenye msuli wa bega, sindano ikisimama wima. Kama bega moja lina jipu, toa la pili. Ukiambiwa tako, kataa kwa adabu: pale dawa huishia kwenye mafuta na kinga hutoka dhaifu.

Mdogo wangu ana VVU. Achomwe vipi? (Kondoa)

Mama, muulize daktari wake kuhusu dozi maradufu: mikrogramu 40 badala ya 20, mwezi 0, 1 na 6. Kabla ya dozi ya kwanza atolewe damu ya kupima HBsAg (alama ya virusi vya homa ya ini B), kisha achanjwe siku ile ile bila kungoja majibu. Mpangilio huo una sababu: damu ikitolewa baada ya chanjo, kipimo kinaweza kudanganya kuwa ana virusi, hata kwa siku 18. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho apimwe kinga. Ikiwa chini ya 10 mIU/ml, arudie dozi zote, kisha apimwe tena.

Na homa ya ini C?

Haina chanjo. Ina vidonge, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na wengi hupona. Ukichangia sindano, kijiko, pamba au maji ya kuchanganyia, unaweza kuipata tena.

Chupa zetu ziligusana na barafu kwenye kisanduku. Zitumike? (Nesi, zahanati ya Kongwa)

Zikiganda, hapana, hata zikionekana safi. Aluminiamu iliyomo hujikusanya na nguvu ya chanjo hupotea. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8. Kama una shaka, gandisha kwa makusudi chupa moja ya toleo lile lile, iyeyushe, uitikise pamoja na ile ya shaka, uziweke mezani dakika 30. Ya shaka ikituama haraka sawa na iliyogandishwa, itupe. Safari ijayo barafu itoke friza mapema, isafirishwe ikianza kuyeyuka na maji yakisikika ndani ukiitikisa.