Maswali ya Wasomaji: Kijana wa Miaka 16 Katika Mbio za Saa 24

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Maweni, Malindi. Kitindamimba wangu ana miaka 16, na tangu mwaka jana hana mazungumzo mengine isipokuwa magari ya mbio. Ananiambia kwamba yuko Mmarekani aliyeshindana Le Mans akiwa na umri kama wake, na kwamba kwa hiyo sina haki ya kumzuia kuchukua gari la mjomba wake. Vijana wakubwa wa mtaani hushindana usiku kwenye barabara ya Mombasa, nami silali mpaka nisikie mlango umefunguliwa. Je, asemayo ni kweli? Na kama ni kweli, nimjibu nini?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Asemayo ni kweli, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumkatalia, kwa sababu kijana akiona umemkanusha katika jambo la kweli hatakusikiliza utakapomwonya juu ya jambo la hatari. Dereva huyo ni Josh Pierson, mzaliwa wa Marekani, wa mwaka 2006. Mwezi Juni 2022, akiwa na miaka 16 na karibu miezi minne, alishiriki mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, akawa mdogo kuliko dereva yeyote aliyewahi kuanza mbio hizo tangu zilipoasisiwa mwaka 1923. Aliyeishikilia rekodi hiyo kabla yake, Matt McMurry, naye alikuwa na miaka 16 aliposhiriki mwaka 2014, ila alimzidi Pierson kwa miezi michache. Isitoshe, Machi 2022 Pierson alikuwa amekwisha kushinda katika daraja la LMP2, yaani la magari yaliyoundwa kwa mbio tu lakini yaliyo chini ya yale ya daraja la juu, huko Sebring, Florida, akiwa pamoja na Oliver Jarvis na Paul di Resta, madereva waliokomaa katika kazi hiyo.

Hata hivyo mwanao amekusimulia nusu ya habari. Pierson hakutokea kwenye gari la mjomba wake. Alianza utotoni na gokati, yaani vile vigari vidogo vya mashindano visivyo na paa, akapanda hadi magari ya kiti kimoja, na ndipo akakabidhiwa gari kubwa. Hatua zote hizo zilipitiwa katika viwanja vilivyofungwa, ambamo magari yote huelekea upande mmoja, wasimamizi wenye bendera husimama kila baada ya mwendo mfupi, gari la wagonjwa husubiri injini ikiwa moto, na dereva huvaa mavazi yanayostahimili moto na kofia ngumu iliyofungwa mabegani ili shingo isivunjike gari likigonga ukuta.

Mwambie pia jambo ambalo huenda halijui, kwamba sehemu kubwa ya njia ya Le Mans, yenye urefu wa kilomita 13.626, ni barabara za kawaida zinazotumiwa na wakazi siku nyingine za mwaka, kama sisi tunavyoitumia barabara ya Mombasa kupeleka samaki na maembe. Siku za mbio barabara hizo hufungwa, huwekewa vyuma pembeni, wala hapiti mtu, baiskeli au mbuzi. Hata kwa maandalizi ya namna hiyo, mwaka 1955 gari moja liliruka likaangukia watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakafa, hata Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari viwanjani katika nchi yake. Ikiwa hayo yalitokea mahali palipoandaliwa, fikiria usiku wa huku kwetu, penye tuktuk isiyo na taa, bodaboda iliyobeba watu watatu, na lori lililoharibika likaachwa njiani na matawi ya miti tu nyuma yake. Mimi sioni kwamba vijana wale wanajifunza mbio. Hawapimi muda, hawarudii kona ileile mara hamsini, na hakuna awaambiaye walipokosea.

Kwa hiyo usimfungie mlango wote. Sheria ya Kenya haimruhusu kuendesha gari barabarani kabla ya miaka 18, na hilo halina mjadala nyumbani kwako. Leseni ya mashindano ni hati nyingine kabisa, nayo husimamiwa na shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF, ambalo unaweza kuliuliza kuhusu umri na ada. Nairobi vipo viwanja vya gokati. Likizo ya shule ikifika, mjomba huyo mwenye gari na ampeleke mpwawe huko, amtazame akiendesha mizunguko 20 mfululizo. Asiangalie ule mmoja alioenda kasi kuliko yote. Aangalie kama wa kumi na wa ishirini umefanana na wa tano. Gharama ya mchezo huu ni kubwa na sitakuficha, lakini jaribio hilo la kwanza ni jambo ambalo familia inaweza kulipangia.

SWALI: Sisi wa Lamu tumekulia kwenye punda na mashua, na katika mashindano ya mashua namjua nahodha ninayempigia makofi. Nasikia katika mbio hizo za saa 24 gari moja lina madereva watatu. Sasa mshindi ni nani, na kijana mgeni ana faida gani kwa wenzake? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Washindi ni wote watatu, ndugu yangu, na hapo ndipo ulipo uzuri wa mbio hizi. Kanuni za Le Mans haziruhusu dereva mmoja akae kwenye usukani zaidi ya saa 4 katika kila saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla, hivyo ni lazima gari likabidhiwe kutoka mkono hadi mkono. Wewe wa Lamu unafahamu kwamba nahodha hashindi peke yake, kwani wapo wanaokaa juu ya ubao wa nje kuizuia mashua isilale, na akizembea mmoja tanga hulala majini. Ndivyo ilivyo hapa. Kijana akimaliza matairi kwa papara au akikwaruza ubavu wa gari saa nane ya usiku akilipisha gari lenye kasi zaidi, hasara huichukua yule anayesubiri zamu yake.

Kuhusu faida yake, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, huwapanga madereva katika madaraja manne, kutoka la juu hadi la chini, ya Platinamu, Dhahabu, Fedha na Shaba, na magari ya LMGT3, yaani yale yanayotokana na magari ya kawaida ya barabarani, hulazimika kuwa na dereva wa Shaba katika kundi lao, ili wasijazane mabingwa watupu. Chipukizi kwa kawaida huanzia Fedha. Timu zinamtafuta sana kijana mwenye cheti cha Fedha anayekimbia kama wa Dhahabu, naye akishinda sana hupandishwa daraja, na mara nyingine nafasi ile iliyomwinua humponyoka. Naona ni uchungu mkubwa kwa kijana, lakini ndiyo kanuni.

Historia ya madereva vijana wa Le Mans ni ya furaha na huzuni pamoja. Ricardo Rodríguez wa Meksiko alimaliza wa pili Le Mans mwaka 1960, akiwa na miaka 18, katika gari la Ferrari aliloendesha na André Pilette. Miaka miwili baadaye alifariki katika mazoezi nchini kwao, akiwa na miaka 20. Mshindi mdogo kuliko wote wa mbio zenyewe ni Alexander Wurz wa Austria, aliyeshinda mwaka 1996 akiwa na miaka 22. Umeona pengo lililopo kati ya kuanza na kushinda.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nacheza mbio za magari kwenye kompyuta tu, Malindi hatuna uwanja. Je, ninapoteza wakati?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hupotezi, ikiwa masomo yako hayajadhurika. Lucas Ordóñez wa Uhispania alishinda mwaka 2008 shindano la Nissan la wachezaji wa mchezo wa aina hiyo, akapewa mafunzo na gari la kweli. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda lile la mwaka 2011, na mwaka 2013 wawili hao walikuwa gari moja Le Mans na Michael Krumm, wakamaliza wa tatu katika daraja la LMP2. Shindano hilo halipo tena. Ila kompyuta haikufundishi joto, na ndani ya gari la mbio lenye paa joto laweza kupita nyuzi 50, dereva akiwa amevaa nguo nzito mwili mzima. Kimbia mchangani jioni maji yakiwa yametoka, kisha rudi ucheze saa nzima bila kusimama, ukiandika daftarini muda wa kila mzunguko na mahali ulipokosea.