Ndege ya kwanza ya 1/32: fanya kazi nyingi kabla ya gundi

Modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, kwa skeli ya 1/32 (yaani ndogo mara 32 kuliko ndege halisi) ina sentimita 35 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Ile ile kwa skeli ya 1/72, ambayo wengi huanzia, ina sentimita 15 na nusu. Urefu umeongezeka mara mbili na robo, lakini eneo la kupaka rangi limeongezeka mara tano, na ujazo mara kumi na moja. Hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha wanaohamia modeli kubwa na mazoea ya modeli ndogo: rangi inakata katikati ya bawa, miguu ya magurudumu inapinda kwa uzito, na mwanya ambao kwenye ndege ndogo usingeuona unakaa pale ukikutazama.

Kwa hiyo anza na ndege ya injini moja yenye gurudumu dogo la mkiani: Spitfire, Mustang P-51D au Bf 109. Zote zina mabawa ya sentimita 31 hadi 36 na zinatosha kwenye meza ya kawaida. Usivutwe na ndege kubwa kwa sababu unaijua. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, hii tunayoiona ikitua Mtwara, kwa 1/32 ingekuwa na mabawa ya karibu sentimita 89. Hiyo haipiti hata kwenye mlango wa kabati. Kama mfuko unaruhusu, modeli za kampuni ya Tamiya ya Japani vipande vyake vinaoana vizuri sana, ila ni vingi na bei ni kubwa. Revell ya Ujerumani ni nafuu zaidi, nawe utalipa tofauti hiyo kwa msasa na muda.

Boksi likija kwa basi kutoka Dar, kalipokee mapema. Lisikae kwenye gari lililofungwa juani. Plastiki yake huanza kulegea karibu na nyuzi 90, lakini bawa jembamba lililoegemezwa vibaya hujipinda kabla ya hapo, na bawa la sentimita 17 likishapinda ni shida kulirudisha. Toa karatasi ya stika za maji (alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) siku hiyo hiyo, iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa yetu ya pwani inaharibu stika kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi.

Vifaa vingi unavipata hapa hapa mjini. Msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000 na 2000 upo kwenye maduka ya rangi za magari, pamoja na tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Vibanio vya nguo, dazeni moja. Supaglu. Spiriti ya kulainishia rangi za akriliki za Tamiya. Vya kuagiza ni vitatu: koleo dogo la kukatia lenye upande mmoja bapa, kisu chembamba cha wembe wa kubadilisha, na gundi nyepesi ya plastiki yenye brashi kwenye kifuniko. Gundi hiyo na rangi za thina hushika moto, kwa hiyo hazipokelewi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Panga zije kwa njia ya barabara. Thina ya magari usiikaribishe kwenye plastiki tupu, inaila.

Osha fremu zote (vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwani kiwandani hupakwa mafuta ili plastiki itoke kwenye ukungu wa chuma, na rangi haishiki juu ya mafuta. Ziache zikauke usiku mzima. Kipande kikate mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande chenyewe, kisha karibu, halafu malizia kwa msasa. Ukikata mara moja tu, plastiki inachanika na kuacha kidoa cheupe au kishimo.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye skeli hii, kwa kila dakika moja ya gundi, tumia kumi za kujaribisha vipande vikiwa vikavu. Chukua nusu mbili za bodi (kiwiliwili cha ndege), zifunge kwa tepu. Weka mabawa, yafunge kwa tepu nayo. Inua uso kwa uso na taa, uangalie pale bawa linapoungana na bodi. Hapo ndipo modeli kubwa nyingi zinapokosea. Ukiona mwanga unapita, usikimbilie puti. Fungua, kata kijiti kutoka kwenye fremu iliyobaki, kiwe kirefu kwa milimita moja kuliko nafasi ya ndani ya bodi, kisha kikaze katikati ya nusu mbili kisukume bodi nje hadi iguse bawa. Jaribisha tena. Mwanya wa milimita moja hufungwa hivyo bila tone la puti, na mistari iliyochongwa kuonyesha maungio ya mabati inabaki safi. Puti ikipita juu ya mistari hiyo utalazimika kuichonga upya, kazi inayochosha kuliko ujenzi wote.

Chumba cha rubani nacho kijaribishe ndani ya bodi kabla ya kukifunga. Unene wa rangi tu unatosha kukifanya kibane na kuzuia nusu mbili zisikutane. Papo hapo kwangua rangi kwenye kingo zote zitakazogundishwa: gundi ya plastiki inaunganisha kwa kuyeyusha plastiki na plastiki, na juu ya rangi haina kazi. Kwenye 1/32 mikanda ya kiti inaonekana wazi, kwa hiyo usiiache. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, vipande vya upana wa milimita 1 na nusu, hukunjika kama kitambaa na hukaa ulipoilaza.

Kugundisha kwenyewe ni kwepesi. Shika nusu mbili zikiwa zimekutana, gusa mshono kwa ncha ya brashi, gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Subiri sekunde chache, bana. Utaona uzi mdogo wa plastiki iliyoyeyuka ukitokeza juu. Huo ni dalili njema, mshono umejaa. Usiuguse kwa vidole. Upe siku nzima, saa 24, halafu ukwangue na upitishe msasa wa 400, 600, kisha 1000. Ukipiga msasa mapema, mshono unazama siku kadhaa baadaye, tena chini ya rangi iliyokwisha kukauka.

Kama bado umeng'ang'ania ndege yenye gurudumu la mbele, mfano Me 262 au P-38, uzito wa puani ni lazima, la sivyo itakalia mkia, na unawekwa kabla bodi haijafungwa. Chubwi za wavuvi, zile risasi za mishipi zinazouzwa Mikindani na Lindi, zinafaa kabisa. Funga ndege yote kwa tepu, iegemeze kwenye vidole viwili pale magurudumu makuu yatakapokuwa, ongeza chubwi moja moja hadi pua ianguke. Halafu ongeza moja zaidi, maana rangi na vipande vya mkia bado havijapimwa. Zibandike kwa supaglu au gundi ya mchanganyiko, zisije kuchezacheza ndani.

Miguu iache mwisho. Toboa tundu la milimita 1 kwenye mguu na kwenye bawa, ingiza waya mgumu, ufunge kwa supaglu. Plastiki peke yake ikibeba ndege ya ukubwa huu kwa miezi, kwenye joto letu, hufunguka taratibu kama miguu ya ndama.

Rangi ndiyo inayotaka kujua majira. Kuanzia Desemba hadi Aprili tuna mvua na unyevu mwingi, na vanishi na rangi za thina hupata weupe kama ukungu: thina inapokauka haraka hupoza uso wa plastiki, mvuke wa hewa unatua juu yake na kunaswa. Ukiweza, jenga wakati wa mvua na upake rangi kuanzia Juni hadi Oktoba. Hata hapo, alfajiri hewa ni nzito na mchana upepo wa kusi unaleta vumbi na kukausha rangi kabla haijatua, ikabaki na chembe kama mchanga. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndio muda wetu. Ukitumia bunduki ndogo ya rangi na kompresa, hakikisha kuna kichujio cha maji kwenye mpira, na ukimwage kila baada ya robo saa. Rangi ya Tamiya ya akriliki ichanganye sawa kwa sawa na spiriti, iwe kama maziwa, shinikizo la hewa psi 15 hadi 20 (kipimo cha kwenye geji ya kompresa), umbali wa sentimita 10. Nunua chupa mbili za mililita 10 kwa kila rangi kuu ya mabaka, moja haitoshi. Paka praima ya kijivu kwanza, maana itakuonyesha kila mshono uliodhani umekwisha. Vaa barakoa, fungua madirisha, usipake chumba wanacholala watoto. Ukimaliza safisha sindano ya bunduki na uipake mafuta kidogo, hewa ya chumvi hula chuma cha sindano.

Stika za maji haziwekwi juu ya rangi isiyong'aa. Hewa hukaa chini yake na kuonekana kama fedha. Piga vanishi ya kung'aa, iache siku mbili, chovya stika sekunde 20 hadi 30, iache juu ya kitambaa hadi iteleze yenyewe, isogeze, kamua maji kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Vanishi isiyong'aa inafuata siku ya pili.

Waya wa antena: kata kijiti cha fremu, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa hadi kilegee na kung'aa, kitoe motoni, kisha kivute pande mbili kwa mwendo mmoja. Unapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele, unaoweza kuufunga kwa tone dogo la supaglu. Kisha mpelekee fundi alumini vipimo vya kabati la kuiwekea ndege yako: sentimita 42 kwa 36, kimo 18, kioo pande zote na mlango mmoja nyuma.