Jibu: Moto melini, kwa nini wasimwage maji tu?

Kaka wa Wete, umeuliza mdogo wako akiingia KMKM, kile Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, na kupangiwa zimamoto melini atafanya kazi gani, na kwa nini baharini, penye maji tele, moto usimwagiwe maji ukaisha.

Hilo la pili ndilo kazi yenyewe. Maji unayomwaga yanabaki ndani ya meli. Ikilala upande kidogo, yote yanakimbilia upande uleule na kuizidisha kulala. Sisi wa Pemba, baada ya meli ya Spice Islander kuzama mwaka 2011, hatuhitaji kuelezwa mwisho wake. Mwaka 1942 Normandie, meli ya abiria ya Kifaransa, iliungua New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba wanajeshi. Ikamwagiwa maji mpaka ikapinduka palepale bandarini. Kwa hiyo nyuma ya anayeshika mpira wa maji lazima awepo anayeendesha pampu ya kutoa maji.

Chumba cha injini ni habari nyingine. Mafuta yanakatwa, feni zinazimwa, matundu ya hewa yanafungwa, watu wanahesabiwa, ndipo gesi ya kaboni dioksidi inafunguliwa. Usipohesabu, aliyebaki ndani hatoki, gesi ile haichagui. Wengine huku nje wanapoza kuta za chuma, maana joto hupenya likawasha godoro la chumba cha pili. Na mlango usifunguliwe haraka hata moshi ukitulia. Hewa ikiingia, moto unarudi.

Kuziba tundu linaloingiza maji melini ni kwa kabari za mbao, magodoro na nyundo, gizani, maji kiunoni. Mwambie aanze kujizoeza kuogelea sasa, na kama anaogopa sehemu finyu aseme mapema.